Uwanja wa Majina Matatu: Nyumba ya Vita Club Mjini Kinshasa

Mswahili alisikiapo kwa mara ya kwanza jina la Vita Club ya Kinshasa, hudhani kwamba walioiasisi klabu hiyo ya kandanda walikuwa watu wa shari. Sivyo. Klabu iliasisiwa mwaka 1935 na Honoré Essabe, ikaitwa Renaissance. Mwaka 1939 ikawa Diables Rouges, yaani Mashetani Wekundu. Mwaka 1942 ikawa Victoria Club, na hilo jina la Vita ni Victoria lililofupizwa tu. Halina udugu wowote na vita hivi tunavyowafundisha wanafunzi wetu kuviweka katika ngeli ya KI-VI. Hata hivyo, mtu akiifuatilia historia ya uwanja ambao klabu hii iliufanya nyumba yake kwa zaidi ya miaka 40, ataona kuwa kosa la Mswahili si kubwa kama linavyodhaniwa.

Uwanja huo uko Kalamu, ubavuni mwa mtaa wa Matonge, mahali ambapo muziki wa Kinshasa haulali. Haukuwa wa Vita peke yao. Wapinzani wao wakubwa, Daring, nao walikuwa wenyeji humo, na pambano la klabu hizi mbili liliugawa mji kama vile Simba na Yanga wanavyoigawa Dar es Salaam. Uwanja umekwisha kuitwa majina matatu: tangu 1952 hadi 1967 uliitwa jina la mfalme wa Ubelgiji, Baudouin, tangu 1967 hadi 1997 uliitwa Uwanja wa tarehe 20 Mei, na tangu 1997 unaitwa Uwanja wa Tata Raphaël. Majina yote matatu yalitoka juu, kwa wakubwa. Lakini waliokaa majukwaani walikuwa na mambo yao, na mara kadhaa walitoka uwanjani humo wakafanya jambo ambalo mwenye kuutaja uwanja hakulitazamia. Habari hizo ndizo ninazotaka kuzieleza hapa.

Yafaa tuanze na jina la mwisho, maana mwenye jina hilo ndiye wa kwanza kwa wakati. Raphaël de la Kethulle de Ryhove alizaliwa Ubelgiji mwaka 1890, akawa padri wa shirika la Scheut, akafika Léopoldville mwaka 1917. Kazi yake ilikuwa ualimu. Aliwafundisha vijana wa mjini, na mwaka 1925 akaanzisha chama cha wanafunzi wa zamani wa mapadri wa Scheut, chama ambacho baadaye kilitoa wanasiasa wa kwanza wa Kongo. Nje ya darasa alikuwa mtu wa michezo kupita kiasi. Aliwapangia Waafrika mashindano yao ya kandanda, maana wakati ule Wazungu walikuwa na ligi yao na Waafrika yao. Mwaka 1936 aliianzisha Daring. Mwaka 1937 ulifunguliwa uwanja wa Reine Astrid, ambao pia ni kazi yake. Watu wakamwita Tata, yaani Baba.

Wanaojifunza Kiswahili watafurahi kujua kwamba Daring ile ya padri hatimaye iliongezewa jina la Motema Pembe, maneno mawili ya Kilingala yenye maana ya moyo mweupe. Motema ni ndugu wa mtima, neno ambalo washairi wetu wa pwani hawajaliacha, na pembe ni ile ile ya ndovu, ila kwa Walingala imekuwa jina la rangi yake. Lugha zetu hukutana mahali pasipotarajiwa.

Kwa nini padri alihangaika hivyo na mpira? Sioni sababu ya kumdhania mabaya, wala sioni sababu ya kumfanya malaika. Serikali ya Ubelgiji ilitaka vijana wa mjini wawe na kazi ya kufanya siku ya Jumapili, mbali na pombe na mbali zaidi na siasa. Misheni ilitaka vivyo hivyo. Mpira ulifaa. Lakini kuna jambo ambalo hawakulipima vizuri. Katika nchi ambamo Mwafrika hakuruhusiwa kuwa na chama cha siasa, klabu ya kandanda ilikuwa miongoni mwa mahali pachache alipoweza kumchagua mwenyekiti, kutunza daftari la fedha, kusimama mkutanoni na kumpinga mwenzake bila kukamatwa. Aliyejifunza hayo katika klabu hakuyaacha mlangoni alipotoka.

Uwanja mkubwa ulifunguliwa mwaka 1952. Baudouin alikuwa amekalia kiti cha ufalme mwaka mmoja tu uliotangulia, kijana wa miaka 20, na jina lake likapewa uwanja wa Waafrika mjini Léopoldville. Mwaka 1955 mwenyewe alikuja kuitembelea Kongo, na uwanjani humo akapokewa na umati mkubwa kwa nyimbo na shangwe. Ndipo alipopewa lile jina mashuhuri la Bwana Kitoko. Hilo nalo ni jina la kuchanganya: bwana ni letu, kitoko ni uzuri kwa Kilingala. Yasemekana kwamba watu walianza kwa kusema mwana kitoko, yaani kijana mzuri, na wakubwa wakaona kuwa haistahili mfalme kuitwa kijana, wakaligeuza. Ikiwa ni kweli, basi ni herufi moja tu iliyobadilishwa, lakini ni herufi iliyobeba utawala mzima.

Shangwe hizo hazikudumu. Mwezi Juni 1957 timu ya Union Saint-Gilloise ilikuja kutoka Brussels kucheza na wachezaji wa Léopoldville. Refa alikuwa Mbelgiji. Alikataa mabao ya Waafrika, nao watazamaji wakaamini kwamba amekataa kwa sababu ya rangi. Mpira ulipokwisha, magari ya Wazungu yalipigwa mawe barabarani na watu makumi wakajeruhiwa. Magazeti ya wakati huo yaliweza kuliita jambo hilo utovu wa adabu wa washabiki, na labda kwa sehemu ndivyo lilivyokuwa. Lakini lilikuwa jambo geni mjini. Kabla ya hapo Mwafrika alikuwa hajaonekana hadharani, mbele ya maelfu ya wenzake, akiikataa hukumu ya Mzungu. Mwezi Desemba mwaka huo huo wakazi wa Léopoldville walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua viongozi wa komuni zao, na Joseph Kasa-Vubu, kiongozi wa chama cha ABAKO, akawa meya wa komuni ya Dendale, jirani na uwanja.

Sasa tunafika kwenye siku ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyouweka uwanja huu katika historia ya Afrika, ingawa siku hiyo hakuna jambo kubwa lililotendeka ndani ya uwanja wenyewe. Ilikuwa Jumapili, tarehe 4 Januari 1959. Wiki moja kabla yake Patrice Lumumba, aliyekuwa amerudi kutoka mkutano wa Accra, alikuwa amewahutubia watu mjini kuhusu uhuru. ABAKO nao wakataka kufanya mkutano wao katika ukumbi wa YMCA, si mbali na uwanja. Wakuu wa mji wakaonya kwamba mkutano huo haukupewa ruhusa. Kasa-Vubu alikuja akawaambia watu waliokwisha kukusanyika kuwa mkutano umeahirishwa, akawaomba warudi makwao kwa amani. Watu hawakutaka kurudi. Kazi zilikuwa zimepungua mjini, wengi walikuwa hawana ajira, na kuambiwa rudini nyumbani si maneno matamu kwa mtu ambaye nyumbani hana kitu. Maneno yakawa mengi, polisi wakaingilia, mawe yakaanza kuruka.

Saa hiyo hiyo, katika Uwanja wa Mfalme Baudouin, Vita Club walikuwa wakifungwa na Mikado. Filimbi ya mwisho ilipolia, watu wapatao 20,000 walimiminika nje, wakakuta barabara imekwisha kuwaka. Wakaungana na wenzao. Tukiri ukweli: si kila aliyetoka uwanjani jioni ile alikuwa na uhuru moyoni, wapo waliokuwa na uchungu wa kufungwa tu, na wapo waliofuata mkumbo. Lakini mwanahistoria hawezi kuuchambua umati kama mtu achambuavyo mchele. Makundi mawili, moja lililonyimwa mkutano na lingine lililonyimwa ushindi, yakawa kundi moja, na kundi hilo likawa kubwa kuliko polisi waliokuwapo. Maduka ya Wareno na Wagiriki yakavunjwa, magari yakachomwa, na ghasia zikaendelea kwa siku kadhaa mpaka askari wa Force Publique walipozizima kwa risasi. Serikali ilisema kuwa Waafrika waliouawa hawakufika 50. Wengine wametaja mamia. ABAKO ikapigwa marufuku, Kasa-Vubu akatiwa ndani.

Siku tisa baadaye, tarehe 13 Januari 1959, Mfalme Baudouin alizungumza katika redio na kutangaza kwamba Ubelgiji imekusudia kuifikisha Kongo kwenye uhuru. Neno uhuru lilikuwa halijatamkwa hivyo na mfalme hata mara moja. Hakutaja tarehe, lakini baada ya mwaka mmoja viongozi wa Kongo waliitwa Brussels kwenye mkutano, na tarehe 30 Juni 1960 nchi ikawa huru. Msomaji na atazame namna jina linavyoweza kumgeukia mwenyewe: washabiki waliotoka katika uwanja wa Baudouin ndio waliomlazimisha Baudouin kusema. Wakongo huiadhimisha tarehe 4 Januari kila mwaka kuwa sikukuu ya mashahidi wa uhuru.

Miaka mitano ya kwanza ya uhuru ilikuwa ya misukosuko ambayo haihusu makala haya. Novemba 1965 Jenerali Mobutu alitwaa madaraka. Mwaka 1966 Léopoldville ikawa Kinshasa. Na tarehe 20 Mei 1967 akaunda chama chake, MPR, ambacho muda si muda kikawa chama pekee, na kila raia akahesabiwa kuwa mwanachama tangu tumboni mwa mamaye. Jina la mfalme likaondolewa uwanjani, likawekwa jina la siku ya kuzaliwa kwa chama. Mwaka 1971, nchi ilipoitwa Zaire na kila mtu kutakiwa aache jina la Kizungu, Victoria nayo ikawa rasmi Vita Club. Kwa hiyo kifupi kilichokuwa cha mitaani kikawa jina la sheria.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya neema kwa mpira wa Zaire, na mwezi Desemba 1973 ulikuwa kilele chake. Tarehe 9 timu ya taifa iliifunga Moroko mabao 3 kwa 0 mjini Kinshasa, ikapata nafasi ya kwenda Ujerumani kwenye Kombe la Dunia la 1974, timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika huko. Tarehe 16, wiki moja tu baadaye, ilikuwa zamu ya Vita. Walikuwa wamekwenda Kumasi kucheza fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika na Asante Kotoko, wakafungwa 4 kwa 2. Wakirudi nyumbani walihitaji angalau mabao mawili bila kufungwa. Walifunga matatu, Kotoko wakatoka bure, na kombe likabaki Kinshasa. Katika kikosi hicho alikuwamo Ndaye Mulamba, ambaye miezi michache baadaye alifunga mabao 9 katika Kombe la Mataifa ya Afrika kule Misri. Idadi hiyo haijafikiwa na mchezaji mwingine katika mashindano mamoja. Huko Ujerumani mambo yakawa mengine kabisa: Zaire ilifungwa mechi zote tatu, ikiwa ni pamoja na mabao 9 kwa 0 ya Yugoslavia, na mapenzi ya mkuu wa nchi kwa mpira yakapoa.

Mkuu wa nchi alikuwa amekwisha kupata mchezo mwingine. Don King, mwandalizi wa masumbwi kutoka Marekani, alikuwa amewaahidi Muhammad Ali na George Foreman dola milioni 5 kila mmoja, naye hakuwa na fedha hizo. Mobutu akakubali kuzitoa, ili jina la Zaire lisikike duniani. Pambano lilipangwa kufanyika Septemba 1974 katika Uwanja wa 20 Mei. Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini, na pambano likaahirishwa hadi mwezi uliofuata. Tamasha la muziki lililopangwa kwenda pamoja na ngumi halikuahirishwa. Kwa siku tatu, tangu tarehe 22 hadi 24 Septemba, waliimba uwanjani humo James Brown, B.B. King, Celia Cruz, Miriam Makeba, Franco na bendi yake ya OK Jazz, na Tabu Ley. Mimi husema kwamba ikiwa kuna usiku wowote ambao ningependa niwe nimekaa katika majukwaa yale, ni mmoja wa hizo tatu, na si ule wa masumbwi.

Ule wa masumbwi ulifika tarehe 30 Oktoba 1974. Mabondia walipanda ulingoni saa kumi za usiku, saa ambayo hakuna mwenyeji wa Kinshasa angeichagua, ila iliwafaa watazamaji wa televisheni Marekani. Kiasi cha watu 60,000 walikesha. Ulingo ulikuwa umejengewa paa kwa hofu ya mvua, na picha kubwa ya Mobutu ilitazama kila kitu kutoka juu, ingawa Mobutu mwenyewe hakuja. Alitazama katika televisheni akiwa kwake. Watu walikuwa upande wa Ali, wakaimba kwa Kilingala: Ali, boma ye. Mwanafunzi wa Kiswahili asiongozwe vibaya na neno hilo. Boma hapa si ngome wala si ofisi ya mkuu wa wilaya; ni kitenzi, na maana yake ni kuua. Ali aliegemea kamba, akamwacha Foreman apige hadi akachoka, na katika raundi ya nane akamwangusha. Muda mfupi baadaye mvua kubwa ikanyesha juu ya uwanja, kana kwamba ilikuwa ikingoja zamu yake.

Wapo wanaosema kuwa usiku ule ulikuwa ushindi wa Mobutu. Sikubaliani nao sana. Dunia ilikumbuka jina la Ali na wimbo wa watu. Jina la siku ya chama lililokuwa mlangoni ni wachache wanaolikumbuka, na wengi wa hao ni kwa sababu ya ngumi.

Baada ya hapo uwanja uliendelea na maisha yake ya kila Jumapili huku nchi ikizidi kuwa maskini. Mwaka 1994 ulifunguliwa uwanja mpya, mkubwa zaidi, uliojengwa kwa msaada wa Wachina. Ukaitwa Kamanyola, jina la mahali palipo Kivu, karibu na mpaka wa Rwanda na Burundi, ambapo jeshi la Mobutu lilipata ushindi mwaka 1964. Mechi kubwa za Vita zikahamia huko, na uwanja wa zamani ukawa wa pili.

Mwaka 1997 majina yote hayo yaling'oka. Majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yalikuwa yametoka mashariki yakivuka nchi kwa miguu, na katika safu zake walikuwamo watoto walioitwa kadogo, wakisema Kiswahili katika mji wa Kilingala. Waliingia Kinshasa tarehe 17 Mei, siku tatu tu kabla chama cha Mobutu hakijatimiza miaka 30. Kwa wenyeji wengi wa mji, Kiswahili kilikuwa tangu siku hiyo lugha ya mtu mwenye bunduki, na hili ni jambo ambalo sisi tunaokifundisha hatupaswi kulificha tunaposifu kuenea kwake. Kamanyola ukapewa jina la Mashahidi, kuwakumbuka wanasiasa wanne, Kimba, Anany, Bamba na Mahamba, walionyongwa hadharani kwa amri ya Mobutu mwezi Juni 1966. Uwanja wa 20 Mei ukarudishwa kwa padri: ukawa Tata Raphaël.

Chaguo hilo linanistaajabisha hadi leo. Serikali iliyojiita ya ukombozi ilikuwa na majina mengi ya kuchagua. Ingeweza kuuita uwanja tarehe 4 Januari. Ingeweza kuupa jina la mchezaji wa Vita, au la yeyote kati ya waliouawa mwaka 1959, ambao wengi wao historia haikuwaandika majina. Ikamchagua Mbelgiji. Huenda sababu ni rahisi: yeye ndiye aliyeujenga, na Wakongo hawakumchukia.

Tarehe 11 Mei 2014 Vita walikuwa tena katika uwanja huo wa zamani, wakicheza na TP Mazembe ya Lubumbashi. Mazembe walikuwa wakiongoza kwa bao 1. Washabiki wa Vita wakaanza kutupa vitu uwanjani, polisi wakafyatua mabomu ya machozi kuelekea majukwaani, na watu wakakimbilia milango. Zaidi ya watu kumi walikufa kwa kukanyagana. Walikuwa wametoka nyumbani Jumapili mchana kwenda kuitazama timu yao, kama wale wa Januari 1959, isipokuwa hawa hawakuwahi kutoka nje ya ukuta.

Kwa ajili ya Michezo ya nchi zitumiazo Kifaransa, iliyofanyika Kinshasa tangu tarehe 28 Julai hadi 6 Agosti 2023, uwanja ulikarabatiwa na majengo mapya ya michezo yakaongezwa kando yake. Safari hii jina halikubadilishwa.